Je, Mkono Mtupu ni Silaha?

Katika Malindi ya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, panga haliogopwi. Mtu hushika nalo njia ya shamba asubuhi, hupita nalo sokoni, husimama nalo akajuliana hali na wazee, na hapana anayerudi nyuma. Walakini panga hilo hilo likiingia nyumba ya watu usiku wa manane, jina lake hubadilika. Chuma ni kile kile. Kilichogeuka ni nia. Kwa miaka mingi niliridhika kwamba silaha ni chombo pamoja na nia, mpaka mpwa wangu alipokuja likizo wakati wa baridi akaniamsha katika usingizi huo.

Alileta mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajifanya mtu wa hadithi, na dadu huamua kama pigo limepata au limekosa. Miongoni mwa watu hao yumo mtawa, ambaye hupigana kwa mikono mitupu. Kitabu cha kanuni cha mwaka 2014 kiliweka pigo la mkono mtupu ndani ya orodha ya silaha. Baadaye masahihisho yaliliondoa, yakasema kuwa mkono si silaha, ingawa pigo lake huhesabiwa pamoja na mapigo ya silaha. Msomaji asicheke. Kwa neno hilo moja, uganga wa kuzidisha nguvu za silaha hushuka juu ya upanga na fimbo, lakini ngumi ya mtawa hauigusi. Kijana aliona dhuluma hapo. "Mjomba," aliniuliza, "aliyeufunza mkono wake miaka kumi, na aliyeokota rungu leo, nani mwenye silaha?"

Sikuwa na jibu, nikakimbilia sheria. Tanzania humfunga mnyang'anyi mwenye silaha kwa muda usiopungua miaka 30. Anyang'anyaye kwa mikono mitupu ana kifungu chake, na adhabu yake ni nyepesi zaidi. Lakini katika kuua kwa kukusudia sheria haiulizi kama marehemu alikufa kwa chuma au kwa vidole. Basi sheria nayo ina ndimi mbili, kama kitabu cha mpwa wangu.

Zanzibar ilijibu kwa njia nyingine. Ngumi za ulingoni zilipigwa marufuku huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na ruhusa haikurudi mpaka 2022, wakati wa Rais Hussein Ali Mwinyi. Na katika miaka hiyo hiyo ya marufuku, kila Julai, wanaume wa Makunduchi waliendelea kupigana hadharani siku ya Mwaka Kogwa, pande mbili, kwa magogo ya migomba, ambayo husemwa yalichukua mahali pa fimbo na marungu. Jambo hili hunipendeza kuliko yote. Wazee wale hawakuikataza hasira ya mwaka mzima. Waliichagulia chombo kilicho laini. Yamkini walijua kwamba mkono mtupu ungeumiza zaidi ya mgomba.

Kwa hivi naona tofauti iko mahali nisipopatazamia. Panga huazimwa. Laweza kuibwa, kurithiwa, kuokotwa na mtoto aliyekasirika dakika moja tu. Tena huweza kuachwa mlangoni, na mwenye nyumba akamwamini mgeni kwa kuliona pale. Mkono hauazimwi wala hauachwi nje. Tukiuita silaha, hapana mtu atakayeweza tena kuja kwa amani, maana kila mgeni atakuwa amekuja na silaha. Mtawa hubeba hatari kubwa kuliko mwenye rungu, nakubali. Lakini hatari hiyo ni yeye mwenyewe, na lawama yake haina pa kuhamia.

Nilimweleza mpwa wangu hayo yote. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mezani kwake yeye ndiye msimamizi, na ngumi ya mtawa itapokea uganga. Nikamwuliza kama mtawa huyo akibisha hodi hapa kwetu usiku, atamwambia aache nini mlangoni. Alizikusanya dadu polepole, akazitia mfukoni, akaenda kuchochea moto.