Mkienda Treptow

Wajukuu zangu mnaosoma Berlin, nasikia Jumapili mnakwenda kupunga upepo Treptower Park, kando ya mto Spree. Nendeni, kijana hafungiwi ndani. Ila mjue kuwa mle bustanini mna maziara. Askari zaidi ya 7,000 wa Jeshi Jekundu la Muungano wa Kisovieti wamelala pale, waliouawa Berlin ilipokuwa ikitekwa mwezi Aprili na Mei 1945, na wengi wao hawana jina lililoandikwa popote. Mkifika, zimeni muziki na mshushe sauti. Picha pigeni, lakini si za kucheka juu ya watu waliokufa wakiwa na umri wenu.

Askari wa shaba aliye juu ya kilima, kimo chake kama mita 12, ni kazi ya Yevgeny Vuchetich, na mahali pote palizinduliwa tarehe 8 Mei 1949. Amempakata mtoto wa kike wa Kijerumani, upanga ameuteremsha, na swastika imevunjika chini ya miguu yake. Mtazameni, kisha shukeni. Chini kuna masanduku 16 ya mawe, mfano wa majeneza, yamepangwa safu mbili. Ndani hamna mtu. Juu yake yamechongwa maneno ya Stalin, mtawala wa Kisovieti wakati huo, kwa herufi za dhahabu, safu moja kwa Kirusi, ya pili kwa Kijerumani.

Hapo ndipo nataka mkae mfikiri. Aliyezikwa ni mwingine na anayesema ni mwingine. Stalin huyo aliwatilia shaka hata askari wake waliotekwa na Wajerumani. Walionusurika wakarudi kwao walihojiwa kama wasaliti, na baadhi wakaishia kwenye kambi za kazi ngumu. Leo pia wapo wanaotaka kusema kwa niaba ya maiti wale. Wamezikwa pale Warusi na Waukraine, shimo moja, na watoto wa watoto wao wanauana vitani kule Ukraine. Tangu 2022 polisi wa Berlin wamekuwa wakipiga marufuku bendera za Urusi na za Kisovieti mahali hapo kila zikifika kumbukumbu za Mei za kumalizika kwa vita. Mtu akiwapa bendera mshike makaburini, yoyote ile, kataeni kwa adabu. Ua linatosha.

Wala msifichwe upande wa pili. Jeshi lililouvunja utawala wa Hitler, na dunia nzima inadaiwa shukrani kwa hilo, ndani yake walikuwamo waliobaka wanawake wa Berlin, wanawake wengi mno, na bibi wa watu wakakaa na jambo hilo moyoni hadi kufa. Mkimwona mzee wa mji ule anapita pale bila kugeuza shingo, msimhukumu. Pamoja na hayo, Ujerumani iliahidi kwa mkataba wa 1990 kuyatunza makaburi hayo, na inayatunza: nyasi zinakatwa, mawe yanakarabatiwa. Kulitunza kaburi la aliyekuja kupigana nawe ni ustaarabu mkubwa, na ningependa mjifunze huo kuliko mengi ya darasani.

Kuna jambo jingine, na hili ni letu. Katika bustani hiyohiyo, mwaka 1896, Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni yao. Watu zaidi ya 100 waliletwa kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki, Waswahili na Wamasai wakiwamo, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili wenyeji walipe kiingilio na kuwatazama. Baadhi yao walifia ugenini. Tangu 2017 makumbusho ya Treptow yana maonyesho kuhusu watu hao, majina yao na picha zao. Mkishatoka makaburini, pitieni na huko. Someni yale majina kwa sauti, maana nyinyi ndio mtakaoyatamka sawasawa, na wale wa Pwani muwaombee dua kama mnavyowaombea wazee wetu. Kisha mniandikie mlichokiona.