Nani Alitenda Dhambi?

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa hawakuuliza wamsaidieje. Waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo lingali hai hapa Nduguti, na sisi wachungaji tumeliuliza pia, kwa sauti ya chini tu.

Tulikuwa na kijana wa kipaimara ambaye mfupa juu ya jicho la kushoto ulizidi kukua mwaka hadi mwaka. Jicho likasukumwa chini, na hatimaye akashindwa kusoma Katekisimo kwa jicho lile. Wengine walisema amerogwa, wengine laana ya ukoo. Sisi tulimwita mama yake ofisini, tukamwuliza kwa upole kama ana jambo la kuungama. Upole huo haukumsaidia. Hakurudi kwenye Meza ya Bwana.

Madaktari huuita ugonjwa huo faibrasi displasia. Mahali pa mfupa imara hujaa nyuzinyuzi na mfupa dhaifu, na sehemu hiyo huvimba. Nyuma ya jicho mna tundu jembamba linalopitisha mshipa wa fahamu wa kuonea kwenda kwenye ubongo. Ukibanwa hapo, kuona huweza kufifia. Chanzo ni badiliko katika jeni moja, linalotokea baada ya mimba kutungwa. Halitoki kwa baba wala kwa mama. Tulipoelezwa hayo tulinyamaza, maana jibu la Yesu tulikuwa tumelihubiri mara nyingi: si huyu wala wazazi wake.

Lakini tusiegemee mno kwenye jeni. Upo ugonjwa mwingine wa mifupa, ostiopetrosisi, ambao nao huweza kubana mishipa hiyo, na mara nyingi mtoto huurithi kwa wazazi wawili wazima wasiojua wanabeba nini. Je, hao tungewaita ofisini? Walichofanya ni kuzaa mtoto, basi.

Tulikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Alitupa viti, akasema amesikia. Kisha akauliza kama usharika utachangia nauli ya kliniki ijayo, KCMC Moshi, kwa kuwa alizeti yake bado iko shambani.