Silaha Chini ya Shati



Kijana mmoja aliyelelewa katika mtaa wetu, ambaye sasa ni raia wa Marekani na baba wa watoto wawili huko Texas, ameniandikia swali ambalo sikulitazamia. Hakuniuliza kama ni halali Mkristo kuvaa bastola. Aliniuliza, "Mzee, nichague ipi?"

Sheria ya huko haimzuii. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha sheria aweza kuvaa bastola Texas pasipo kibali. Tena anayo sababu. Jumapili ya tarehe 29 Desemba 2019, katika mji wa White Settlement, mtu alisimama katikati ya ibada akatoa bunduki ya marisau na kuua waumini wawili. Mlinzi wa kujitolea akamwangusha kwa risasi moja. Yote hayo yalichukua kama sekunde sita.

Bastola zenyewe ni tatu. Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008, ikiwa tupu haifiki gramu 300. Hukaa mfukoni kama pochi. Lakini bastola nyepesi huupiga mkono kwa nguvu, na mpini wake ni mfupi, hata mwenyewe huchoka kufanya mazoezi nayo. Glock 19 huchukua risasi 15 na hukaa vema mkononi, ila katika joto la Texas huonekana chini ya shati jembamba, na ndani ya gari humchoma mtu kiunoni. Mwisho huachwa nyumbani, waliko watoto. SIG Sauer P365, ya mwaka 2018, i katikati: risasi 10 katika umbo ambalo zamani lilichukua 6 au 7.

Mara ya kwanza nililidharau swali lake. Niliona ni la kuulizwa mwenye duka. Baadaye nikaona ya kuwa dhamiri imejificha humo humo. Raha ya kiuno ni ya mvaaji peke yake. Lakini kulenga sawasawa ni deni lake kwa jirani, kwa maana risasi iliyokosa haipotei hewani, huenda benchi la nyuma. Yule mlinzi wa White Settlement alikuwa mwalimu wa silaha. Mmoja wa wale wawili waliouawa naye alikuwa mlinzi, tena mwenye bastola. Na waumini wengine kadhaa walichomoa zao; nashukuru hawakufyatua.

Petro naye alikuwa na upanga Gethsemane, akaambulia sikio. (Wahubiri husema juu ya hasira yake, mimi huwaza kwamba alikuwa mvuvi.)

Basi nilimjibu hivi: mimi nisingevaa. Lakini wewe ukivaa, chagua ile unayoweza kuilenga vema, si ile inayofichika vema. Na kama huna nafasi ya kufanya mazoezi kila mwezi, wala sanduku la kuifungia usiku, usinunue hata moja.

Juma lililopita barua yake ya pili ilifika. Amenunua ile ya kati, pamoja na sanduku la chuma lenye kufuli. Kama huenda nayo kanisani hakuniambia, nami bado sijamwuliza.