Kumfungulia Mgeni Mlango

Wazee walituachia methali isemayo kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapana shaka ilitungwa na wakulima. Nilipofika Garissa mwanzoni mwa mwaka 2013, nikiwa kijana aliyetoka karibuni katika chuo cha ualimu, niliona kuwa jembe lina kazi katika mashamba ya kandokando ya mto Tana tu. Ukiupa mto kisogo na kuelekea mashariki, nchi ni mchanga, migunga, mbuzi na ngamia mpaka upeo wa macho. Nikajiuliza: mwenyeji wa huko humpa nini mgeni wake siku ya tatu? Labda kamba ya kutekea maji kisimani.

Jibu nililipata mwaka ule ule. Katika mwezi wa Novemba nilipanda lori la mizigo kwenda Wajir. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kushuka, na kati ya Modogashe na Habaswein magurudumu yalizama katika tope hata lori likainama ubavu. Dereva, utingo na mimi tulitembea gizani mpaka tukafika kwenye boma la wafugaji. Mzee mwenye boma hakutuuliza tu nani. Alitutandikia mkeka, akatuletea maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa moshi, akawatoa wanawe wawili katika kibanda chao ili sisi tupate kulala. Kesho yake alichinja mbuzi, naye hakuwa na mbuzi wengi. Asubuhi ya siku ya pili ndipo aliponiuliza jina langu, na kwa jina hilo akatambua kuwa mimi ni Mkristo. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chai. Tulikaa siku nne mpaka barabara ikakauka. Kamba ya kisima niliishika, lakini ni kwa kuwa niliiomba mwenyewe.

Niliporudi nikawasimulia walimu wenzangu, mmoja alicheka akasema kuwa huo si wema bali ni mkopo. Katika nchi kame kila mtu aweza kupotea njia. Basi amlishaye mpotevu leo anajiwekea akiba ya siku yake mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, na msomaji asiipuuze. Watu hawangeweza kuishi nyikani bila ya desturi kama hiyo. Walakini mzee yule hakuwa na sababu ya kutazamia kuwa ipo siku atakwama mlangoni pangu. Mkopo ambao mkopeshaji hamjui mdaiwa wake, wala hamfuati, ni mkopo wa namna gani?

Injili ya Luka, sura ya 14, yaeleza kuwa Yesu alimwonya mwenyeji wake asialike rafiki na jirani matajiri, kwa kuwa hao watamwalika naye, na hesabu itakuwa imelipwa. Awaalike maskini, viwete na vipofu, wasio na cha kurudisha. Kadhalika katika Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwayo, neno linalofasiriwa kuwa ukarimu kwa wageni ni filoksenia, maana yake kupenda wageni. Ndani ya neno hilo hamna habari ya karamu wala ya sahani. Sisi tuliosoma aghalabu huwaalika watu tunaowafahamu, tukawapikia pilau, tukajiita wakarimu. Ni jambo jema, ila jina lake ni urafiki.

Na siku ya tatu je? Mwaka 1991 kambi za Dadaab zilianza kupokea watu waliokimbia vita Somalia. Zilikusudiwa watu 90,000; katika ukame wa mwaka 2011 waliomo walipita 400,000. Mwezi wa Mei 2016 serikali ilitangaza kuwa itazifunga, na mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu ikaikatalia. Mtoto aliyezaliwa kule mwaka ule wa kwanza ni rika langu. Mtu wa miaka zaidi ya thelathini bado huitwa mgeni mahali alipozaliwa, naye kwa muda mrefu hakupewa jembe bali posho. Sisemi kuwa mzigo huo ni mwepesi kwa wenyeji wa Garissa, ambao kuni na malisho yao ndiyo yaliyopungua. Nasema tu kuwa methali yetu ina huruma kuliko tunavyodhani: kumpa mtu jembe ni kukubali kwamba anakaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kulipita. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wasiokuwa Waislamu walitolewa katika basi wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walimu wengi waliotoka mikoa mingine walifunga mizigo. Mimi nilibaki, pamoja na mke wangu na mtoto wetu mchanga. Serikali ilitoa amri kuwa watu wasitembee usiku, toka magharibi hadi asubuhi.

Usiku mmoja katika siku za amri hiyo mlango wetu ulibishwa. Sauti ya mwanamume, yenye lafudhi ya Kisomali, ilipiga hodi mara tatu. Nilizima taa. Tukakaa kimya, mke wangu ameuziba mdomo wa mtoto kwa kiganja, hata nyayo zikaondoka.

Asubuhi nilimwona jirani yetu, mjane Mwislamu, akimpa anjera na chai kijana wa miaka kama kumi na sita. Alikuwa utingo wa lori lililochelewa njiani, akafikwa na usiku baina ya askari wenye bunduki na milango iliyofungwa. Mama yule akanisalimu, kisha akasema, “Mwalimu, alianza kwako. Nilizisikia hodi zake.” Hakulisema kwa lawama, alilisema kama mtu anayetoa habari za mvua.

Ndugu msomaji, usiharakishe kunihukumu, wala kunisamehe. Mtu aweza kuutoa uhai wake kwa ajili ya mgeni, lakini uhai wa mtoto wake si mali yake ya kuitoa. Hilo nalishika hata leo. Hata hivyo mjane alikuwa na wajukuu wanne ndani ya nyumba yenye mlango wa bati, na hofu ya miezi ile haikuuliza dini ya mtu. Nilipomwuliza alifanyaje, alinijibu kuwa alisimama nyuma ya mlango akamwuliza kijana jina la baba yake, lori limetoka wapi, limebeba nini. Alipotosheka alifungua. Tofauti yetu basi haikuwa ushujaa. Yeye alisema na mgeni, mimi nilizima taa. Mzee wa njia ya Wajir alitoa maziwa kwanza na maswali baadaye; mjane, katika wakati mbaya, alitanguliza maswali; wote wawili walimchukua aliye nje kuwa mtu wa kusemeshwa. Kosa langu halikuwa kukataa kufungua. Lilianza mapema zaidi, nilipoisikia lafudhi nikadhani nimekwisha pata jibu la kila swali.

Mwaka ule haukwisha kabla ya kutupa mfano mkubwa zaidi. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wauaji walisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo nguo zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016. Basi si nyumba ya mtu, na aliyelipa nauli si mgeni wa abiria mwenzake. Lakini katika dakika zile viti vile viligeuka nyumba, na wenye nyumba walikuwa wale walioweza kutoka salama. Nilikumbuka kuwa Yesu naye, alipotaka kuwaonyesha Wayahudi jirani ni nani, hakuchagua mfano wa mtu wa dini yao, alimchagua Msamaria.

Wakristo nao wamepata kufungua milango katika nchi hiyo. Annalena Tonelli, Mwitalia aliyekuja Kenya mwaka 1969, alifundisha shule Wajir, kisha akawashughulikia wagonjwa. Kifua kikuu kiliwashinda wahamaji kwa sababu tiba ilichukua miezi mingi, nao hawawezi kukaa mahali pamoja. Kuanzia mwaka 1976 wagonjwa walialikwa wapige vibanda vyao karibu na kituo chake, wakae na jamaa zao mpaka wamalize dawa. Mgeni aligeuza uwanja wake kuwa boma la wenyeji. Hakuwadai wabadili dini. Aliuawa Borama tarehe 5 Oktoba 2003.

Nilipohamishwa kutoka Garissa nilikwenda kumwaga yule mjane. Tulizungumza habari za Ibrahimu na wageni wake watatu, maana kisa hicho kimo katika vitabu vyetu vyote viwili. Nilisema kuwa wageni walikula ndama aliyeandaliwa. Mama akasema la, hawakunyosha mkono, na Ibrahimu aliingiwa na hofu. Nikamwuliza, “Akawafukuza?” Akasema hakuwafukuza. Nikashika langu kuwa walikula, naye lake kuwa hawakula, mpaka chai ikapoa. Akaniambia niache ukaidi, akaimwaga akanitilia nyingine.