Kizuri Kula na Nduguyo: Je, na Ukimya Pia?

Nilipoanza kujifunza Kiswahili, methali ya "Kizuri kula na nduguyo" ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuingia katika daftari langu. Mwalimu alituuliza maana yake, tukajibu kwa pamoja kwamba uchoyo ni mbaya. Sikuwahi kuitilia shaka hadi mwaka niliposafiri kwenda kusini mwa Ufaransa kumtembelea shangazi yangu aliyeolewa huko. Nilianza kuitilia shaka nikiwa juu ya baiskeli, na shaka hiyo ikanifanya nimdanganye rafiki. Insha hii ni jaribio la kujihukumu mwenyewe, na pia la kuuliza swali ambalo nadhani linatuhusu sote: je, mtu anayejua mahali penye utulivu ana wajibu wa kuwaambia wengine?

Kwanza nieleze mahali penyewe. Mto Ardèche umechimba korongo refu la takriban kilomita 30 katika mawe ya chokaa, kati ya mji mdogo wa Vallon-Pont-d'Arc na kijiji cha Saint-Martin-d'Ardèche. Kuta za korongo hilo hufikia mita 300 hivi kwenda juu. Mlangoni mwake mto unapita chini ya daraja ambalo halikujengwa na mtu: ni tao la mwamba lenye urefu wa zaidi ya mita 50, liitwalo Pont d'Arc. Tangu mwaka 1980 korongo hilo ni hifadhi ya taifa. Juu ya magenge yake inapita barabara ya D290, yenye kona nyingi na sehemu za kusimama kutazama mto ukijipinda chini kabisa kama kamba iliyoachwa uani. Kila upande kuna mialoni mifupi isiyopukutisha majani, na jua likipanda, harufu ya majani makavu hukufuata njia nzima.

Wapenda baiskeli huisifu sana barabara hiyo, lakini mwezi wa Julai na Agosti inachosha. Pikipiki hupita kwa makundi, magari ya kulala huziba njia, na mtoni mitumbwi ya plastiki ya kukodi hufuatana kama siafu. Siku yangu ya kwanza nilirudi nyumbani masikio yakivuma. Baba mkwe wa shangazi, mzee ambaye nilikuwa nikimwita babu, alinicheka. Kesho yake alfajiri akanitolea baiskeli yake ya zamani, akapanda nyingine, akanipitisha njia ambayo sikujua kama ipo. Kwa saa mbili tulikutana na gari moja tu, la mkulima wa zabibu. Nilisikia mnyororo wa baiskeli yangu, nikasikia pumzi yangu, nikasikia hata mabawa ya ndege. Tuliposimama kunywa maji, babu alisema, "Hii nimekupa wewe. Usiitangaze." Nikakubali.

Wiki mbili baadaye nilikutana na kijana wa nyumbani, Mrundi mwenzangu, aliyekuwa akiosha vyombo katika jikoni la kambi moja ya watalii kwa msimu ule. Tulifurahiana kama ndugu waliopotezana. Alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Kabla ya kuondoka kwetu alikuwa akibeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama kushuka hadi Bujumbura, kazi ambayo kila Mrundi anaijua: kushuka na mzigo mzito huku breki zikilia, kisha kupanda tena huku umeshikilia nyuma ya lori. Aliniambia, "Kaka, sijawahi kuendesha baiskeli isiyo na mzigo. Wewe unazunguka kila siku. Niambie basi, wapi kuna barabara tulivu?"

Nikamjibu kwamba barabara zote za huko ni hizo hizo za watalii, zenye kelele.

Kwa nini nilisema hivyo? Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijitetea kwa hoja ambayo hadi leo naona ina nguvu. Methali yetu inazungumzia kula. Chakula hugawanyika: sahani moja ya wali ikiliwa na watu wanne, kila mmoja anapata robo, na hakuna anayelala bila kitu. Ukimya si wali. Ukiwagawia watu mia ukimya wa barabara moja, hawapati kila mmoja sehemu ya mia, wote wanakosa. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 kuhusu malisho ya wote ambayo huharibika kwa sababu kila mfugaji anaongeza ng'ombe mmoja tu. Mimi nilijiona mlinzi wa malisho. Tena si kwa faida yangu pekee, kwa kuwa katika magenge yale huzaliana tai wa Bonelli, ndege adimu sana nchini Ufaransa, ambaye akisumbuliwa wakati wa kuatamia anaweza kuliacha kiota chake. Anayetangaza njia ya siri hajui itamfikia nani wala watakuja wangapi.

Eneo hilohilo lina mfano mkubwa zaidi. Karibu na Pont d'Arc, mwezi Desemba 1994, watu watatu waligundua pango la Chauvet, lenye michoro ya simba, vifaru na farasi iliyochorwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Wafaransa walikuwa wamekwisha kujifunza kutokana na pango la Lascaux, ambalo lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zikiiharibu michoro. Basi Chauvet halikufunguliwa kamwe kwa umma. Mwaka 2015 ilifunguliwa nakala yake, ili kila anayetaka aone bila kuharibu. Nikajiambia: kama taifa zima linaweza kuficha kizuri ili kisife, mimi ni nani nilaumiwe?

Lakini hoja hiyo, nilipoipima vizuri, ilinigeukia. Pango la Chauvet limefungwa kwa wote kwa kanuni moja. Waziri haingii kwa kuwa ni waziri, na mwosha vyombo hazuiwi kwa kuwa ni mwosha vyombo. Wachache wanaoruhusiwa, hasa watafiti, huingia kwa sababu ya kazi inayojulikana. Hata kulala ndani ya korongo kuna utaratibu wa namna hiyo: hifadhi inaruhusu kupiga kambi katika sehemu mbili tu, Gaud na Gournier, na nafasi huwekwa mapema. Nafasi zikijaa, zimejaa. Anayekosa hakukosa kwa sababu hana shangazi.

Siri yangu haikuwa hivyo. Niliijua ile barabara kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba shangazi yangu aliolewa katika nyumba yenye mzee aliyeijua. Sikuitafuta wala sikuistahili kuliko yule kijana. Ukimya unaolindwa kwa siri haulindwi dhidi ya wengi. Unalindwa dhidi ya wasio na jamaa. Wenye nyumba, wenye urafiki na wenyeji na wenye likizo ndefu wataendelea kuupata kimyakimya, na aliye jikoni ataendelea kuamini kwamba dunia yote ina kelele kama jikoni lake. Kumbe nilichokiita ulinzi wa mazingira kilikuwa urithi, nami nilikuwa nikilinda zamu yangu.

Kuna jambo la pili. Babu aliniambia nisitangaze. Hakuniambia nidanganye, wala hakusema nisimwambie mtu yeyote. Nilikuwa nimechanganya mambo matatu: kutangaza, kunyamaza na kusema uongo. Mtu anaweza kukataa kutangaza, yaani kuiweka njia mbele ya maelfu asiowajua, na bado akamwonyesha mtu mmoja aliyesimama mbele yake akimwomba. Babu mwenyewe ndivyo alivyonitendea. Alinipa njia pamoja na adabu yake: kuondoka alfajiri, kutopiga kelele karibu na magenge, kumpisha mkulima. Methali nayo haisemi kizuri kula na walimwengu wote. Inasema na nduguyo. Nilikuwa nimeitumia hofu ya umati kumnyima mtu mmoja, na mtu mmoja juu ya baiskeli haui ukimya wa barabara yoyote.

Mtu anaweza kunipinga akisema: kila mmoja atamwambia ndugu mmoja, naye atamwambia wake, na mwisho umati utafika vilevile. Ni kweli. Ndiyo maana naona wema wa mtu binafsi hautoshi, na lazima kuwe na kanuni za wazi zinazowabana wote sawasawa: idadi ya watu, misimu, njia zilizotengwa. Lakini mpaka kanuni hizo ziwepo, sina haki ya kujigeuza kanuni na kuanza na yule aliye dhaifu kuliko wote.

Mwishoni mwa Septemba, barabara zilipoanza kupumua hata ile D290 yenyewe, nilimpigia simu nimwombe msamaha na nimpeleke. Msimu ulikuwa umekwisha. Kambi imefungwa, naye amekwenda kutafuta kazi kaskazini. Nilimweleza njia yote, kijiji kwa kijiji. Alinisikiliza, kisha akasema, "Asante, kaka. Mimi sasa niko mbali. Utampa mwingine." Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Msomaji ameona kwamba hapa sikuitaja ile njia. Insha ni tangazo, na ahadi yangu kwa babu bado ipo. Lakini nitakayekutana naye uso kwa uso akaniuliza, nitamchorea ramani, nimweleze na adabu yake, wala sitamuuliza kwanza ni ndugu wa nani. Aliyestahili kuwa wa kwanza kuichorewa alikuwa na siku moja ya mapumziko kwa wiki, na mimi nilizipoteza zote.