Aliye Mikononi Mwako ni Dhamana Yako

Mwanangu askari, nasaha hii ni yako wewe uliyepangiwa safari ya nje, wewe uliyekwisha kurudi, na wewe ambaye hujawahi kuvuka mpaka ila usiku wa leo uko zamu kituoni. Nchi zinapotia saini mikataba ya kusaidiana kwa polisi, wakubwa hupeana mikono na picha zikapigwa. Lakini mkataba hutimizwa au huvunjwa pale ambapo mpiga picha hayupo: ni wewe, pingu zako, na mtu asiyejua utamfanya nini.

Tujifunze kwa safari ya Haiti. Tarehe 2 Oktoba 2023, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2699 kuruhusu kikosi cha kimataifa, Kenya ikiwa mbele, kiende kuwasaidia polisi wa Haiti kupambana na magenge. Januari 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba polisi wetu hawawezi kupelekwa nje pasipo mapatano ya kusaidiana na nchi inayowapokea. Mapatano yakatiwa saini tarehe 1 Machi, na tarehe 25 Juni kundi la kwanza likatua Port-au-Prince. Wako walioiona mahakama kuwa kikwazo. Mimi naona ilimfundisha askari somo la kwanza la safari: anayekwenda kuwasimamishia wenzake sheria sharti atoke kwao kwa njia ya sheria.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Haiti wamepokea wageni wengi wenye bunduki, na si wote waliowaponya. Majeshi ya Marekani yaliikalia nchi yao kuanzia 1915 hadi 1934. Mwaka 2007 zaidi ya wanajeshi 100 wa Sri Lanka waliokuwa wakilinda amani walirudishwa kwao kwa tuhuma za dhuluma za kingono. Oktoba 2010 kipindupindu kililipuka, na chanzo chake kilikuwa uchafu wa kambi ya walinda amani ulioingia katika maji yanayotiririkia mto Artibonite. Karibu watu 10,000 walikufa. Ilichukua miaka sita mpaka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, akaomba radhi, Desemba 2016. Ndiyo maana azimio la 2023 lilitaja hata utunzaji wa maji taka ya kambi. Kwa hiyo mama akimvuta mwanawe ndani gari lenu la deraya linapopita, usimwite mtovu wa shukrani. Ana sababu.

Sasa tuje kwenye mikono yako. Umemkamata kijana kwenye kizuizi. Yeye anasema Krioli, wewe Kiswahili na Kiingereza. Ana simu mfukoni, hana kitambulisho. Walio ndani ya magenge wana umri wake, na wanaokimbia magenge vilevile wana umri wake. Mtafute mkalimani kabla hujampa jina la jambazi. Andika jina lake, saa na mahali ulipomtia mbaroni, na hali ya mwili wake. Simu na fedha zake ziorodheshwe mbele ya macho yake. Akiwa na jeraha, daktari atangulie, maswali yafuate. Na mtu aliyekwisha kufungwa pingu hapigwi, hata kama saa moja iliyopita alikuwa akikurushia risasi.

Kisha huja saa ya kumkabidhi, na hapo ndipo wengi hupotea. Husema, tumewapa wenyeji, letu limekwisha. Aprili 2023, hapo hapo Port-au-Prince, umati uliwapora polisi washukiwa zaidi ya kumi na kuwachoma moto. Watu wale walikuwa wamechoshwa na utekaji nyara na mauaji, na uchungu wao naujali. Hata hivyo, hakuna hakimu aliyewasikiliza waliochomwa, na aliyekuwa na hatia na asiyekuwa nayo waliteketea pamoja. Kumkabidhi mtu hakukuondolei dhamana yake. Muulize anayempokea: huyu atalala wapi, ataonwa na hakimu lini, nani atamlinda njiani? Kisha mtie saini nyote wawili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, wa mwaka 1984, unaikataza serikali kumpeleka mtu kwenye nchi ambako yumo hatarini kuteswa. Chukua roho ya katazo hilo uende nayo kazini kila siku.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili liko ng'ambo ya bahari tu. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka Nairobi, na siku chache baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hakuna mahakama ya Kenya iliyokaa kuamua kama ahamishwe. Sheria yetu ina njia ya kumrudisha mshukiwa kwao, na njia hiyo inapita kwa hakimu. Ujirani mwema hauhitaji njia ya mkato. Wewe uliye Busia, Namanga au Malaba, ukiona mtu anapitishwa usiku bila hati ya mahakama, uliza. Ukinyamaza umeshiriki.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile wenzako walipotua Haiti, vijana waliandamana hadi Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, na polisi wakawafyatulia risasi za moto. Wapo waliokufa. Mcheza kwao hutuzwa. Askari aliyezoea kumpiga kofi mwenye bodaboda nyumbani hataamka mpole ugenini kwa sababu amebandikwa bendera begani. Kifungu cha 244 cha Katiba kinataka polisi wafunzwe kuheshimu haki na utu wa binadamu, na hakikusema ni wa mtaa gani wala wa taifa gani.

Nanyi wakubwa na mabalozi, andikeni katika mapatano yenu ni wapi mwanamke wa Port-au-Prince atapeleka malalamiko yake, kwa lugha yake, na nani atamjibu. Mwenye kesi ya kuua raia msimfiche kwa kumpa safari. Na mkosaji akirudishwa nyumbani, ashtakiwe, na aliyemkosea apewe habari, maana tiketi ya ndege si hukumu. Mkumbuke pia kwamba askari ana haki zake. Februari 2025 Mkenya wa kwanza wa kikosi kile aliuawa katika mkoa wa Artibonite. Anayetumwa kufa anastahili posho kwa wakati, gari zima, matibabu, na familia isiyosumbuliwa kwenye foleni za ofisi.

Mwanangu, utakuja kuambiwa siku moja, "Mtoe huyu, usiandike kitu." Kumbuka Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inasema waziwazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kataa kwa adabu, lakini kataa, na uandike kwamba umekataa. Atakuja mtu kuuliza, awe mzazi, wakili au Mungu wako: yuko wapi yule uliyemshika? Uwe na saa uliyomkamata, jina la daktari aliyemtazama, na sahihi ya aliyempokea akiwa hai.