Pazia la Kusadikika

Imeulizwa mara nyingi kama mwandishi afunikaye maneno yake mbele ya serikali izuiayo kusema ni shujaa au ni mwoga. Asemaye waziwazi hufungwa. Asemaye kwa fumbo hulala nyumbani kwake, na pengine hulipwa. Shutuma hii si ya kudharauliwa, nami napenda kuipima kwa kitabu kimoja tukijuacho sote.

Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, Shaaban Robert, mtumishi wa serikali hiyo hiyo, alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani. Humo Karama ashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Kinaya chake ni hiki: elimu iliyoharimishwa ndiyo aitumiayo kujitetea, na baraza lililotaka kumnyamazisha lalazimika kunyamaza limsikilize. Siku baada ya siku asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Habari zilizozikwa pamoja nao zafufuliwa mbele ya wale wale waliozizika.

Husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Walakini tashtiti haimwogopi mwerevu. Afisa atambuaye kwamba Kusadikika ni nchi yake, kisha atake kukipiga marufuku kitabu, hana budi kukiri kwanza kwamba amejiona humo, hali hakuna aliyemtaja. Basi pazia halimfichi mwandishi tu. Lamtwika msomaji kazi ya kutoa ushahidi, hata msomaji aliye katika kiti cha hukumu.

Hata hivyo siwezi kumwachilia mwandishi bure. Karama ashinda na wafungwa wafunguliwa kwa kuwa mfalme amesikia akakubali. Hapo, kwa maoni yangu, makali yamepungua: aliyekosa apewa heshima ya kusamehe, na mtawala asomaye aweza kufunga kitabu kwa raha, akijidhani ndiye mfalme yule mwema.

Labda hiyo ilikuwa ada ya kupita mlangoni. Mikhail Bulgakov wa Urusi hakuilipa. Riwaya yake juu ya Shetani azuruye Moscow, na mwandishi achomaye kazi yake kwa kukata tamaa, ilianza kuchapwa mwaka 1966, miaka 26 baada ya kufa kwake, nayo imekatwakatwa. Shaaban Robert alipofariki mwaka 1962, Kusadikika ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa watu miaka 11.